Mafuta ya Hawe

Asubuhi ya kwanza chupa ilinigomea.
Niliipindua, nikaipiga kitako,
nikaichungulia dirishani:
mafuta ya nazi aliyonifungia Hawe kwenye gazeti, kule Rabai,
yamekuwa meupe, magumu kama mshumaa.
Nikasema yameoza. Nikasema safari imeyaua,
siku mbili za basi na usiku mmoja mpakani.
Tupokigwe, niliyepangiwa naye chumba,
alicheka mpaka akakaa sakafuni.
"Hayajafa, dada. Yanasikia baridi. Yaweke kwapani."

Basi uhandisi niliuanza hivyo,
Iyunga, Mbeya, saa kumi na moja alfajiri,
chupa kwapani, nikiatamia.

Mvua ya huku haipigi hodi.
Ya kwetu hutuma upepo kwanza, mtu akaanua nguo, akaita watoto.
Hii inaingia Jumatatu na Ijumaa ungali nayo.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe:
huyu leo yuko siku ya tisa,
na jembe lenyewe limezama kwenye tope.

Suruali yangu ya jinzi ilining'inia siku sita.
Ya saba niliiomba radhi, nikaivaa mbichi.

Dukani nikaomba leso, nijifunike mabegani.
Muuzaji akanipa kitambaa cha kupengea kamasi,
kidogo, chenye ua pembeni, shilingi mia tano.
Nikasimama nacho. Lugha ni ile ile,
lakini hapa leso ni ya pua,
na ile ya kwetu, yenye pindo na jina,
huku huitwa kanga.
Nilikinunua. Mafua nayo hayakuchelewa.

Soli ya kiatu ilibaki njiani, imeng'ang'aniwa na udongo.
Nikaingia darasani na kiatu kimoja na nusu.
Mwalimu Mwakalobo aliutazama mguu,
akautazama ubao,
akaendelea na mlinganyo.

Na Kabwe, upepo uliugeuza mwavuli wangu
ukawa bakuli juu ya mpini.
Mama wa maandazi, chini ya turubai lake:
"Sasa kinga maji, mwanangu, yasipotee bure."
Watu wakacheka. Nikacheka nikiwa nimechelewa kidogo,
kama anayetafsiri.

Usiku umeme ukikatika
simu nilikuwa naibakizia asilimia nne, za mama.
"Hali yako?"
"Nzuri."
Miguu ndani ya beseni la maji ya moto,
sweta mbili, na kanga niliyojifunza kuiita kanga.
"Nzuri kabisa, mama."

Siku moja Hawe mwenyewe akaichukua simu.
Nikamweleza mafuta yake huku hugeuka jiwe.
Kimya. Kisha:
"Mafuta hayagandi, Nyevu. Nimeyapika miaka hamsini.
Wamekuibia hao, wamekutilia samli."
Nikaapa. Hakuamini.
Mpaka leo ana kesi na mkoa mzima wa Mbeya.

Sikumwambia mengine.
Kwamba juzi nilisikia harufu ya mvua kabla ya Tupokigwe,
nikatoka mbio, nikaanua za kwetu, nikaanua na za jirani,
nepi, shuka, fulana ya Simba yenye tundu,
na mama mwenye nyumba akaniita kwa mlangoni, "Ndaga, mwanangu,"
nami nikaitika bila kuuliza maana.

Jana jua lilitoka, la saa moja tu.
Loleza ukaonekana mzima, kama kitu kilichokuwa kimefichwa makusudi.
Ua mzima ukajaa magodoro.
Nikaiweka chupa dirishani, nikaketi nayo.

Haikuyeyuka yote.
Nusu maji, nusu jiwe.
Nikapaka hivyo hivyo.
Kidonge kikateleza gotini, kikalainika,
harufu ya jikoni kwa Hawe ikapanda mpaka puani,
na kwenye bati la jirani
tone la kwanza.